Somo la Redio: Ghala Moja Ndani ya Kompyuta Tatu

Somo la leo ni juu ya kutunza kumbukumbu. Lisomeni polepole. Maneno mapya na maswali yako mwisho.

Ninyi wa Chidya, na wa Masasi na Newala yote, mnajua maana ya stakabadhi. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za mkoa wa Mtwara zimeuzwa kwa mpango wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi. Hupimwa, na mkulima hupewa karatasi yenye jina lake na kilo zake. Halafu korosho huenda ghala kuu, na mkulima hungoja mnada.

Sasa fikirini. Tangu siku ya kupima hata siku ya kulipwa, mkulima ana nini mkononi? Hana korosho, wala hana fedha. Ana maandishi tu. Maandishi yakipotea, jasho la mwaka mzima limekuwa maneno ya kubishana.

Siku hizi maandishi ya namna hiyo huwekwa ndani ya kompyuta. Katika msimu wa 2024/2025 minada ya korosho iliendeshwa kwa mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania, liitwalo kwa kifupi TMX. Basi yafaa tuulize: kompyuta nayo ikiharibika, je, kumbukumbu zetu ziko wapi?

MPANGO WA ZAMANI

Kompyuta kubwa inayotumikia watu wengi huitwa seva. Jumba lenye seva nyingi huitwa kituo cha data. Nchini kwetu kipo Kituo cha Taifa cha Data, kule Kijitonyama, Dar es Salaam.

Ndani ya seva moja yenye nguvu, programu yaweza kuigawa kazi kana kwamba kuna kompyuta nyingi. Ni kama nyumba moja yenye vyumba vya wapangaji. Katika chumba kimoja mna hesabu za mishahara, katika chumba cha pili mna stakabadhi, katika cha tatu mna barua. Kila chumba huitwa mashine pepe. Mpangaji mmoja akipata shida, wengine huendelea na kazi zao.

Kwa miaka mingi seva zilifanya kazi ya kuhesabu tu, na kumbukumbu zote ziliwekwa katika kabati kubwa la diski lililo pembeni. Kabati hilo ni la bei kubwa, na lahitaji fundi wake maalum. Likijaa, mara nyingi hununuliwa lingine kubwa zaidi. Na ingawa kabati zuri huwa na vipuri viwili viwili ndani yake, likizimika lote, seva zote hukaa bure.

MPANGO MPYA

Katika mpango mpya kabati lile huondolewa. Diski huwekwa ndani ya seva zenyewe, kisha programu huziunganisha zote ziwe ghala moja. Mfano wake ni matangi matatu ya maji ya mvua katika nyumba tatu, yaliyounganishwa kwa bomba. Ufunguapo mfereji, huulizi maji haya yametoka tangi gani.

Lakini kumbukumbu ina sifa ambayo maji na korosho hazina: yaweza kunakiliwa. Kilo moja ya korosho haiwezi kuwa katika maghala matatu kwa wakati mmoja. Stakabadhi yaweza. Kila iandikwapo, programu huiandika katika seva ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, kisha ndipo humwambia karani, "Imepokelewa."

Programu za namna hii zipo nyingi. Kampuni ya Nutanix ya Marekani ilianzishwa mwaka 2009 kwa kazi hii. Kampuni ya VMware ilitoa programu yake iitwayo vSAN mwaka 2014. Iko pia programu ya kuunganisha diski iitwayo Ceph, ambayo mtu yeyote aweza kuitumia bila kuinunua. Ilianzishwa na Sage Weil alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko California. Jina lake limekatwa kutoka jina la kitaalamu la jamii ya pweza na ngisi. Watu wa pwani hawatashangaa: pweza ana mikono minane, na akikatwa mmoja haachi kuishi.

FAIDA ZAKE

Faida ya kwanza: seva moja ikifa, kazi haifi. Mashine pepe zilizokuwa ndani yake huwashwa tena katika seva nyingine, maana kumbukumbu zake zimo humo tayari. Karani hungoja dakika chache, wala hangoji siku nyingi.

Kwa watu wa kusini jambo hili si dogo. Mwezi Mei mwaka 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara, katika sehemu za Somanga. Kama ofisi ya Masasi ingekuwa na kompyuta moja tu, na ikafa siku zile, kipuri kingengoja upande wa pili wa maji. Mwenye seva tatu aweza kungoja barabara itengenezwe huku kazi ikiendelea.

Faida ya pili: ghala hukua kidogo kidogo. Mwaka huu ofisi ina seva tatu. Kazi ikiongezeka, hununua ya nne, na programu huihesabu pamoja na wenzake. Hakuna haja ya kununua leo kitu kikubwa kwa ajili ya miaka kumi ijayo.

Faida ya tatu: ofisi ndogo zaweza kujitegemea. Katika mwezi ule ule wa Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota sana katika Tanzania na nchi jirani. Mtu ambaye kumbukumbu zake zote ziko ng'ambo alikuwa na taabu kuzifikia. Aliye na seva zake wilayani huendelea kupokea na kuandika, na njia ikifunguka hupeleka hesabu makao makuu.

HESABU YAKE

Usalama una bei yake. Tuseme kila seva ina diski za terabaiti 10. Terabaiti moja ni nafasi ya herufi milioni milioni moja. Seva tatu zina terabaiti 30. Lakini kila neno linaandikwa mara tatu, kwa hiyo 30 tugawe kwa 3, na nafasi ya kweli ni terabaiti 10 tu. Anayeuza akikuambia "thelathini", muulize: "Ni nakala ngapi?"

Tena yafaa seva ziwe tatu au zaidi. Kwa nini? Tuseme waya unaoziunganisha umekatika, na seva moja imebaki peke yake. Zile mbili zaonana, nazo ni wengi kati ya watatu, kwa hiyo huendelea. Ile iliyo peke yake husimama. Kama kila upande ungeendelea kivyake, stakabadhi moja ingeweza kulipwa mara mbili. Zikiwa seva mbili tu, hakuna walio wengi. Yahitajiwa shahidi wa tatu, hata akiwa kompyuta ndogo, awe mwamuzi.

MAMBO YA KUANGALIA

Msidanganyike kwamba nakala tatu ni kinga ya kila kitu. Seva tatu zikiwa katika chumba kimoja, moto mmoja huziunguza zote. Tena karani akifuta jina kwa makosa, programu huitii amri: hulifuta mahali pote patatu. Na mwizi wa mitandao akiingia, aweza kuharibu zote pamoja.

Kwa hiyo ni lazima iwepo akiba nyingine, mbali na chumba kile, mathalani mkoa mwingine, isiyobadilishwa kila dakika. Na akiba hiyo ijaribiwe. Akiba ambayo haijapata kufunguliwa ni kama mbegu ambayo haijapata kupandwa. Hujui kama itaota.

Seva zahitaji pia umeme wa kuaminika, betri za kushika umeme ukatikapo, chumba cha baridi kisicho na vumbi, na waya wa kasi kati yao. Zahitaji na mtu aliyefundishwa. Ofisi ya karani mmoja na daftari moja haina haja ya mpango huu. Yaitosha kompyuta ndogo na akiba nzuri.

Nanyi, hata kumbukumbu zikitunzwa mahali patatu, itunzeni karatasi yenu nyumbani. Soma kilo zilizoandikwa kabla hujaondoka penye mizani. Kompyuta hutunza kwa uaminifu lile lililoandikwa. Likiwa si kweli, litatunzwa hivyo hivyo mara tatu. Ndiyo maana tunajifunza kusoma.

MANENO MAPYA
Seva: kompyuta inayotumikia watu wengi.
Mashine pepe: kompyuta iliyofanywa na programu ndani ya seva.
Nakala: maandishi yale yale yaliyoandikwa tena.
Akiba: nakala inayowekwa mbali kwa siku ya shida.

MASWALI
1. Kwa nini programu huandika stakabadhi mahali patatu?
2. Seva nne zina terabaiti 6 kila moja. Ikiwa kila neno huandikwa mara tatu, nafasi ya kweli ni ngapi?
3. Karani amefuta jina lako kwa makosa. Je, nakala tatu zitakusaidia? Kitakachokusaidia ni nini?
4. Zungumzeni darasani: kumbukumbu za chama chenu zimewekwa wapi, na ni nani aliyejaribu akiba yake?