Doo Ya Kutoka Bokoli Hadi Kitale Hupitia Wapi? Cheki Vile Seva ya M-Pesa Hupiga Kazi

Uko Bokoli, mathe yuko Kitale, unamtumia thao moja. Kabla umalize soda, ashapata. Hapo katikati kuna seva, na kila sehemu yake iko na kazi.

Kwanza ni mlango. Laini yako inafunga ombi kwa siri, netiwaki inalibeba, mlango unalipokea.

Pili ni mkaguzi. Huyu anacheki kama PIN ni yako na kama balansi inatosha, pamoja na ada. Kitu ikikosa, unarudishwa hapo hapo.

Tatu ni daftari, na hapa ndio doo inaishi. Linakutoa thao, linamwekea mathe thao. Hizo mbili hufanyika pamoja ama zisifanyike kabisa, ndio stima ikipotea katikati pesa isibaki hewani.

Mwisho ni mtuma meseji. Yeye anawaambia tu kile daftari limeandika.

Sasa shika hii: meseji ni risiti, si pesa. Mkora anaweza kukuandikia meseji feki, lakini daftari hafikii. So kama uko dukani ama kwa boda, piga *334# ucheki balansi kabla upeane mzigo. Na meseji ikichelewa, usitume tena. Cheki balansi kwanza.

By the way, M-Pesa ilianza 2007, na hadi 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Thao ya Kitale ilikuwa inapitia majuu kwanza!