Mbio za kilomita 50 milimani: Mambo ya kujua kabla ya kujiandikisha

Katika kaunti yetu ya Elgeyo Marakwet, mtoto hukua akiona wakimbiaji barabarani kila asubuhi. Ndiyo maana anayejaribu ultramarathoni, yaani mbio zozote zinazozidi kilomita 42.195 za marathoni, hudhani ni kuongeza kilomita chache tu. Kwenye vijia vya milimani sivyo.

Mji wa Iten uko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na Bonde la Kerio liko zaidi ya mita 1,000 chini yake. Wengi huogopa kupanda, lakini kinachoharibu miguu zaidi ni kushuka. Misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki huku ikivutwa, na nyuzi zake huumia kidogo kidogo. Mwandishi wa makala haya aliteremka mbio Jumamosi moja akijiona hodari. Jumatatu alishuka ngazi za ofisi kinyumenyume. Zoesha misuli hiyo kwa mteremko mfupi kila wiki, ukiuongeza taratibu kwa miezi minne au mitano. Kwenye kupanda, tembea. Hata mabingwa hutembea panapokuwa wima.

Kilomita 50 za milima humchukua anayeanza saa sita, nane au zaidi, na akiba ya wanga mwilini haifiki huko. Kula mapema kabla ya njaa: ndizi, au viazi vitamu vya kuchemsha vilivyotiwa chumvi. Jaribu chakula hicho mazoezini, kwa sababu tumbo nalo hufundishwa.

Hatari kubwa ni maji, na si ukosefu wake pekee. Anayekunywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi huishusha chumvi ya damu, na ubongo unaweza kuvimba. Dalili ni kuumwa kichwa, kutapika, vidole kuvimba na kuchanganyikiwa. Kunywa ukiwa na kiu. Ukimwona mwenzako amechanganyikiwa, usimlazimishe kunywa maji. Ita wahudumu wa afya mara moja. Pia usimeze ibuprofeni ili uvumilie maumivu: mwili ukiwa umepungukiwa maji, dawa hiyo inaweza kudhuru figo.

Beba koti la mvua, filimbi, tochi ya kichwani na simu yenye chaji. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kuanza mazoezi.