Vidole na Kumbukumbu: Sayansi ya Gita la Solo

Katika bendi ya dansi kila mpigaji ana wajibu wake. Besi hushika msingi, ridhimu huzungusha sauti zilezile, na solo hupaa juu ya hizo mbili kama msemaji mkuu barazani. Msikilizaji anayemsikia mpiga solo akimimina sauti bila kutazama karatasi yoyote hudhani kwamba kila sauti inabuniwa papo hapo. Wengi hukiita kipaji, na mjadala hukomea hapo. Imani hiyo ina madhara, kwani kijana anayeamini kwamba hakuzaliwa nacho huliweka gita chini kabla hajaanza.

Hebu tuchunguze kwanza suala la kasi. Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Marekani, Karl Lashley, alieleza kwamba vidole vya mwanamuziki vinaweza kufikia miguso 16 kwa sekunde moja. Kila mguso basi hupewa takriban sekunde 0.06 tu. Mtu anayengoja taa iwake ndipo abonyeze kitufe huhitaji takriban sekunde 0.2. Ni dhahiri kwamba kidole cha pili hakina nafasi ya kungoja taarifa kutoka kidole cha kwanza. Lazima mfululizo mzima uwe umekwisha kupangwa ubongoni kabla haujaanza kusikika.

Mfululizo huo mfupi, wenye sauti chache zilizofungamana, ndio kifungu. Umuhimu wa vifungu ulidhihirika mwaka 1973, wakati William Chase na Herbert Simon walipowapima wachezaji wa sataranji. Wachezaji walitazama ubao kwa sekunde 5, kisha wakatakiwa kupanga upya kete walizoziona. Bingwa alimshinda mwanagenzi kwa mbali. Lakini kete zilipotawanywa ovyo, ubora wa bingwa ulikaribia kutoweka. Hakuwa na kumbukumbu ya ajabu. Alikuwa na hazina ya mipangilio aliyokwisha kuizoea. Vivyo hivyo, msomaji hodari haoni herufi sita mbalimbali katika neno «kitabu». Huliona neno zima.

Muziki wa Kongo unatoa mfano mzuri. Katika sebene, yaani sehemu ya wimbo ambapo magita hutawala, kifungu kifupi hurudiwa mara nyingi, kisha hupokewa na kingine. Hivyo ndivyo walivyosikika magwiji kama Franco Luambo na Nico Kasanda, ambao santuri zao zilisikilizwa kwa makini na wapigaji wa Tanzania na Kenya.

Umbo la gita lenyewe humsaidia mwanafunzi. Shingo yake imekatwa kwa vyuma vyembamba, na kila chuma huzidisha idadi ya mitetemo ya uzi kwa 1.0595. Baada ya vyuma 12 mitetemo huwa maradufu, nayo ni oktavu kamili. Katika uzi wenye urefu wa milimita 650, chuma cha kwanza huwa milimita 36.5 kutoka mwanzo wa uzi, na cha 12 huwa katikati kabisa, milimita 325. Kwa kuwa uwiano ni mmoja kote, kifungu kilichozoewa katika chuma cha 5 kikihamishiwa chuma cha 7 hupanda toni moja bila kubadili umbo lake. Mwenye vifungu kumi, kwa hiyo, anaweza kuvipiga katika ufunguo wowote.

Lakini kukariri peke yake hakutoshi. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan waliwafundisha watu mifuatano mitatu ya kusogeza mkono. Kundi lililorudia mfuatano mmoja hadi mwisho kabla ya kuanza mwingine liliendelea upesi wakati wa mazoezi. Kundi lililoichanganya lilisuasua; lakini lilipopimwa tena, hata baada ya siku 10, ndilo lililokumbuka vizuri zaidi.

Mwanafunzi wa solo anaweza kuitumia kanuni hiyo. Achague vifungu vitatu katika wimbo anaoupenda. Avipige polepole, kila sauti iwe safi, kisha avichanganye bila utaratibu maalumu. Avihamishe juu na chini ya shingo. Akianze kimoja katika pigo la pili badala ya la kwanza. Mwishowe aunganishe nusu ya hiki na nusu ya kile. Hapo kuiga kumegeuka kuwa kubuni.

Mwalimu naye atambue kwamba gita na aljebra havitofautiani sana katika jambo hili. Mwanafunzi anayefanya maswali ishirini ya namna moja huonekana ameelewa, hadi siku ya mtihani, maswali ya kila namna yanapokuja yamechanganyika.