Kwa Nini Bakteria wa Dawa Hukorogwa
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Tembo la mnazi likitaka kuchacha halihitaji kukorogwa. Liache katika buyu, nalo litachacha lenyewe (ingawa jambo hilo halituhusu sisi wanafunzi). Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba vijidudu vyote vichachushavyo havina haja ya hewa. Sivyo.

Chukueni mfano wa streptomaisini. Dawa hii iligunduliwa mwaka 1943 huko New Jersey, Marekani, na Albert Schatz, mwanafunzi wa Profesa Selman Waksman, nayo ndiyo dawa ya kwanza itokanayo na vijidudu iliyoweza kutibu kifua kikuu. Huifanya bakteria wa udongoni aitwaye Streptomyces griseus, naye hawezi kuishi bila oksijeni. Akikosa pumzi, mgonjwa hapati dawa.

Taabu ni kwamba oksijeni haiyeyuki vizuri majini. Kikombe kimoja cha chai huyeyusha vijiko kadhaa vya sukari, lakini lita nzima ya maji yenye joto la digrii 25, iliyo wazi hewani, hubeba oksijeni miligramu 8 hivi tu. Bakteria waliosongamana katika pipa huweza kuimaliza kwa muda wa dakika moja! Kupuliza hewa kwa bomba peke yake hakutoshi, maana viputo vikubwa hupanda upesi na kutoka na oksijeni yao.

Basi ndani ya pipa huwekwa mapanga yanayozunguka ili yavikate viputo. Pigeni hesabu wenyewe: kiputo chenye kipenyo cha sentimita 1 kikikatwa kuwa viputo vya milimita 1, hupatikana viputo 1,000, na eneo lao lote huwa mara 10 ya lile la kwanza. Hewa ni ile ile, lakini milango yake imeongezeka. Tena viputo vidogo hupanda polepole. Ukutani mwa pipa husimamishwa vibao vya chuma; bila hivyo maji yote yangezunguka pamoja na kufanya shimo katikati, kama chai ikorogwayo kwa haraka.

Je, tukoroge kwa nguvu zote? Hapana. Bakteria huyu hukua kama nyuzi, na mapanga yakienda mbio mno huzikatakata. Joto nalo huzidi, na povu huumuka. Kwa hiyo oksijeni iliyomo hupimwa kila wakati, na mwendo wa mapanga huongezwa au kupunguzwa.

Siku hizi madaktari huanza na dawa nyingine za kifua kikuu. Mojawapo ni rifampisini, ambayo chimbuko lake ni bakteria aliyepatikana mwaka 1957 katika udongo wa kusini mwa Ufaransa. Huyu naye hupuliziwa hewa na kukorogwa vivyo hivyo.