Kufuata mto Lufira: Mwadingusha, Bunkeya na Kiubo

Katika darasa la fasihi mwalimu alituuliza siku moja nani amewahi kufika Bunkeya. Tulikuwa zaidi ya arobaini, karibu wote wazaliwa wa Katanga. Mikono miwili tu iliinuka. Kisha akauliza nani anaweza kutaja makasri ya Ufaransa yaliyo kando ya mto Loire, na nusu ya darasa ikajibu. Mimi nilijibu swali la pili na kunyamaza kwa la kwanza, ingawa baba yangu ni Muyeke na bibi yangu, yule tunayemwita kambo hapa Lubumbashi, amezikwa Bunkeya. Likizo iliyofuata, mwezi wa saba, nilisafiri. Ninaandika ili wanafunzi wenzangu wajue kuna nini huko na namna ya kufika.

Nilichagua kuufuata mto Lufira, kwa sababu karibu kila kitu nilichotaka kukiona kiko kando yake au kando ya mito inayoingia ndani yake. Kwanza, neno moja juu ya jina. Tazameni ramani ya kwetu: Lufira, Lualaba, Luapula, Lubudi, Lukuga, na Lubumbashi yenyewe, ambayo ilikuwa jina la kijito kabla ya kuwa jina la mji. Hiyo lu- ni kiambishi cha ngeli ya 11, ambayo katika lugha nyingi za Kibantu hubeba vitu virefu na vyembamba. Kiswahili sanifu kimepoteza ile l na kubaki na u-: sisi tunasema ulimi, Waluba wanasema ludimi. Kwa hiyo mtu akisoma ramani ya Katanga anasoma pia sarufi. Wazungu walipofika waliandika majina mengine juu yake, Elisabethville na Jadotville, lakini mwaka 1966 miji hiyo ikawa Lubumbashi na Likasi.

Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kilometa kama 120 za lami. Gari za abiria hujaa asubuhi, kwa hiyo inafaa kufika kituoni mapema. Upande wa mashariki wa Likasi kuna ziwa Tshangalele, ambalo si ziwa la asili. Lufira ilizuiwa Mwadingusha ili kupata umeme wa migodi, kiwanda kikaanza kazi mwaka 1930, na bonde likafunikwa na maji. Maporomoko ya hapo yaliitwa kwa muda mrefu maporomoko ya Cornet, kwa jina la Jules Cornet, mtaalamu wa miamba kutoka Ubelgiji aliyepita Katanga kati ya 1891 na 1893. Siku hizi sehemu kubwa ya maji huingia kwenye mabomba, ndiyo sababu anayetazamia kishindo anaweza kusikitika. Lakini ziwa linastahili safari: lina matete, ndege wa kila aina na wavuvi wanaotoka alfajiri. Tulikula bukari na samaki wa pale pale. Jioni umeme ulikatika, nasi tulikuwa karibu kabisa na mitambo inayoutengeneza. Wenyeji hawakushangaa.

Toka Likasi kwenda kaskazini barabara ni ya udongo. Wakati wa kiangazi inapitika kwa gari au kwa moto. Wakati wa mvua, toka mwezi wa kumi na moja hadi wa nne, inaweza kumfunga mtu njiani siku kadhaa. Mimi na binamu yangu tulipanda moto, tukafika Bunkeya tukiwa wekundu kwa vumbi.

Anayekuja Bunkeya akitafuta kuta na minara hataviona. Mji mkuu wa Msiri ulijengwa kwa miti, udongo na nyasi. Kinachoonekana leo ni mji mdogo ulio tambarare, vilima kando yake, makaburi ya wafalme na nyumba ya mwami. Ni lazima kuujua mkasa wake ndipo macho yapate kitu cha kushika.

Msiri, ambaye jina lake jingine ni Ngelengwa, alitoka upande wa Tabora, katika Tanzania ya leo. Baba yake Kalasa alikuwa mfanyabiashara aliyefuata shaba ya Katanga. Katikati ya karne ya 19 mwana alikuja na watu wake, akabaki, akajenga ufalme wa Garanganze. Shaba ilikuwa ikichimbwa na kuyeyushwa hapa zamani kabla yake. Mafundi waliimimina katika umbo la misalaba midogo, nayo ikatumika kama fedha. Ni misalaba ile ile mitatu iliyowekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Msiri alishika njia za shaba, za pembe za ndovu, za chumvi ya bonde la Lufira, na za watumwa. Misafara yake ilifika pwani ya mashariki na ya magharibi, ikarudi na bunduki na nguo. Kiswahili nacho kilipita katika njia hizo, muda mrefu kabla ya kambi za wafanyakazi wa migodi.

Mmisionari Mskoti Frederick Arnot alifika mwaka 1886, Msiri akampokea. Mwaka 1890 alikuja Alfred Sharpe kutafuta mkataba kwa upande wa Waingereza, Msiri akakataa. Mwishoni mwa 1891 ikafika safari ya William Stairs, iliyotumwa kwa faida ya mfalme Leopold II. Tarehe 20 Desemba 1891, kapteni Omer Bodson alimpiga Msiri risasi, naye Bodson akapata jeraha lililomuua. Maiti ya Msiri ilikatwa kichwa. Kama mkataba wa Sharpe ungekubaliwa, huenda leo tungefanya mitihani yetu kwa Kiingereza, kama majirani zetu wa Zambia.

Hapa ndipo safari yangu ilipokuwa ngumu, kwa sababu mama yangu ni Musanga. Nyumbani kwetu tarehe 20 Desemba, siku ambayo Wayeke huadhimisha Bunkeya, baba huvaa shati lake zuri. Mama hupika kama kawaida na kusema kwa sauti ndogo: « Huyo aliuza watu wetu. » Na mama hasemi uongo. Wasanga, waliokuwa wenyeji wa nchi hii, waliasi dhidi ya Msiri kabla Stairs hajafika, na ufalme ulikuwa umedhoofika tayari alipouawa. Usiku kabla sijaondoka baba alinipa nauli. Mama alinipa chumvi na sabuni za kumpelekea shangazi wa baba, akaniambia: « Ukiandika, andika na yetu. »

Shangazi huyo ni mama mzee sana. Nilipoingia uani alinisalimia kwa Kiyeke, lugha iliyo karibu na Kisumbwa cha magharibi ya Tanzania. Sikuweza kujibu. Watoto waliokuwa wakicheza walimjibu kwa niaba yangu, lakini kwa Kisanga. Mimi nikasema kwa Kiswahili cha Lubumbashi: « Jambo yako, kambo. » Akacheka, akasema: « Tazama. Tulikuja kuwatawala Wasanga, na lugha yao imetutawala sisi. Kiyeke tunakiimba tu siku za mwami. Kukisema, nani atanijibu? »

Nilimweleza maneno ya mama. Nilifikiri atakasirika. Alikaa kimya, akaangalia sabuni, kisha akasema kwamba mama yake mwenyewe hakuwa Muyeke: aliletwa Bunkeya akiwa msichana mdogo, na hakuna aliyemwambia tena kwao ni wapi. « Mimi ni mjukuu wa waliochukua na wa waliochukuliwa. Mama yako anafikiri yuko peke yake? » Baba yangu hajawahi kunisimulia habari hiyo. Nilipomuuliza niliporudi, alisema hakuijua.

Kwa ruhusa yake nilirekodi kwa simu salamu, majina ya jamaa na hesabu toka moja hadi kumi kwa Kiyeke. Dakika ishirini na mbili, kisha alichoka. Kwa sisi wa kitivo cha lugha, hiyo ni kazi iliyo wazi mbele yetu, na haihitaji mashine kubwa. Inahitaji kuifanya mapema.

Toka Bunkeya tuliendelea kaskazini, kwenye barabara ya Mitwaba, mpaka maporomoko ya Kiubo. Hapa Lufira iko huru. Inafika pana na tulivu kati ya miti, halafu ghafla inaanguka kwa upana wake wote, na mvuke wake unalowesha uso ukiwa bado mbali. Siku ile tulikuwa wageni wawili tu. Kutoka hapo mto huenda kujiunga na Lualaba upande wa ziwa Kisale, mahali ambapo wachimbuzi walifungua makaburi ya kale ya Sanga mwaka 1957 na 1958. Huko sikufika; pesa zilikuwa zimekwisha.

Kwa atakayependa kwenda, ninashauri mambo manne. Safirini kati ya mwezi wa tano na wa tisa. Ombeni barua kutoka kitivo inayoeleza ninyi ni nani na mnatafuta nini, kwa sababu mtaulizwa njiani. Mkifika kijijini, nendeni kwanza kwa chifu na zawadi ndogo. Picha na maswali huja baada ya salamu. Na kabla ya kuondoka, waulizeni wazazi wenu wote wawili. Mimi nilimuuliza baba tu juu ya Bunkeya, na nusu ya niliyoyakuta huko ilikuwa upande wa mama.

Rekodi ile nimemsikilizisha mama. Shangazi anapohesabu, mama alimfuata kwa Kisanga, namba kwa namba, na mara kadhaa maneno yao yalikaribiana. Alirudisha mwanzo akasikiliza tena. Mwezi wa kumi na mbili anataka twende wote watatu, kama barabara itapitika.