Nilikuwa na Uhai 38, na Bado Nikafa

Nilikuwa na pointi 38 za uhai. Mpinzani wangu, kijana mpole mwenye miwani, alikuwa amebakiza 4. Dakika mbili baadaye nimekufa mimi, na yeye ananipa mkono kwa huruma.

Usishtuke mpenzi msomaji, ni karata tu. Mchezo unaitwa Magic: The Gathering, ulibuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kutoka mwaka 1993. Mie na shemeji yenu tuliuanza hapa Leicester, Uingereza, tunakoishi, kwa sababu duka la jirani lina mashindano kila Ijumaa usiku na baridi ya huku haina pa kwenda. Kila mchezaji anakuja na fungu lake la karata zisizopungua 60. Unaanza na pointi 20 za uhai, na kazi yako ni kumshusha mwenzio mpaka sifuri.

Shemeji yenu ni mtu wa moto, karata zake karibu zote zinachoma. Mimi nilichagua kujiongezea uhai. Nilikuwa najisikia salama nikiona namba inapanda: 24, 29, 38. Kumbe yule kijana alikuwa anatumia sumu. Ukifikisha alama 10 za sumu umekwisha, hata uwe na uhai 1,000. Pointi zangu zote hazikunisaidia kitu.

Kwenye basi la kurudi nyumbani, shemeji yenu akasema, "Bibie, wewe unaweka akiba tu. Hununui kitu."

Nikanuna mpaka mlangoni. Nilijua hazungumzii karata peke yake. Miaka minne tulikuwa tunaweka hela ya kiwanja Bunju, Dar es Salaam. Kila ikikaribia kutosha, mimi nasema tuongeze kidogo kwa usalama. Na bei nayo haikutusubiri.

Hesabu ya usiku ule

Usingizi haukuja, nikakaa mezani na karata zangu. Nilikuwa na mbili za tangu mwaka 1993, zote za gharama ileile. Healing Salve inakuongezea uhai 3. Lightning Bolt inachoma 3, iwe mchezaji au kiumbe chake. Zinaonekana sawa, si ndiyo?

Hebu fikiria mpinzani ana kiumbe kinachokupiga 3 kila zamu, na chenyewe kikichomwa 3 kinakufa. Ukijiongezea uhai, umenunua zamu moja tu. Zamu inayofuata kiumbe kipo palepale, na wewe umepungukiwa karata. Ukikichoma, umejiokoa na 3 za leo, za kesho na za keshokutwa.

Ina maana kuongeza uhai ni upuuzi? Hapana, inategemea unacheza na nani. Karata nyingi za shemeji yenu zinachoma 3, kwa hiyo anahitaji kama 7 kunimaliza. Nikijiongezea 6, lazima atafute mbili zaidi, na kwa kawaida mtu anavuta karata moja kila zamu. Hapo nimepata zamu mbili za bure. Swali ambalo sikuwahi kujiuliza ni hili: nitazifanyia nini?

Nikalipanga fungu upya. Nikaweka Soul Warden, anayeniongezea uhai 1 kila kiumbe kingine kinapoingia mezani. Pembeni yake Ajani's Pridemate, anayeanza na nguvu 2 na kukua kila ninapoongeza uhai. Nikaongeza Lightning Helix ya mwaka 2005, inayochoma 3 na kunirudishia 3 papo hapo. Sasa kila pointi ninayopata ina kazi nyingine.

Ijumaa iliyofuata nikapangiwa na nani? Shemeji yenu! Kwa haraka ya kunichoma mimi, akamdharau Pridemate wangu akiwa bado mdogo. Alipokuja kushtuka, kiumbe kina nguvu 9. Nilishinda nikiwa na uhai 11 tu, na sikuwahi kufurahi na namba ndogo kiasi hicho.

Jumapili tukapiga simu Dar. Kiwanja tulichokuwa tunakitaka mwanzoni kilishauzwa, ndiyo gharama ya woga wangu. Tukachukua kingine, kidogo zaidi na mbali kidogo na barabara. Nilipoliona salio benki mkono ulitetemeka, sitawadanganya. Ila na shemeji yenu amebanwa: hela ya matumizi ya miezi mitatu haiguswi, hata iweje. Mtu wa moto naye anahitaji pa kurudi akikosea.

Kwa hiyo kama mwenzi wako anakuambia "tusubiri kidogo", usimbishie haraka, huenda yuko sahihi. Muulize tu tunasubiri nini, na mpaka lini.