Matairi ya Inchi 10 na Hesabu ya Mshiko

Katika maduka ya matairi ya Paris, karibu kila tairi jipya hubandikwa karatasi yenye herufi. Herufi hizo, kuanzia A hadi E, humwonyesha mnunuzi jinsi tairi linavyoshika lami iliyolowa na jinsi linavyochangia matumizi ya mafuta. Utaratibu huo ulianza Ulaya Novemba 2012 na kurekebishwa Mei 2021. Mwenye gari dogo la Mini la mwaka 1965 haumsaidii chochote. Kanuni yake inayaacha nje matairi ya rimu isiyozidi milimita 254, na milimita 254 ni inchi 10 kamili, kipimo ambacho Mini ilizaliwa nacho. Yameachwa pia matairi yaliyoundwa kwa ajili ya magari yaliyosajiliwa kabla ya Oktoba 1990 pekee. Marekani wana mfumo wao wa kupima ulikaji, mshiko na uwezo wa kuhimili joto, lakini nao unayaruka matairi ya rimu za inchi 12 kushuka chini.

Anayetaka kulinganisha matairi ya gari dogo la zamani hubaki na bei, sifa za kusikia kwa wenzake, na fizikia. Kati ya hivyo vitatu, fizikia ndiyo isiyouza kitu.

Mini ilizinduliwa Agosti 26, 1959. Alec Issigonis, aliyeibuni kwa ajili ya kampuni ya BMC ya Uingereza, alitaka gari lenye urefu wa mita 3 na ushei libebe watu wanne na mizigo yao. Magurudumu makubwa yangekula nafasi ya abiria, hivyo kampuni ya Dunlop ikaunda tairi dogo la inchi 10. Udogo huo una gharama yake. Tairi la 165/70R10, ambalo wenye Mini wengi hulivalisha leo, lina kipenyo cha milimita 485 hivi, na huzunguka takriban mara 656 katika kila kilomita. Tairi la 205/55R16, la kawaida kwenye magari ya familia ya sasa, huzunguka kama mara 504. Maana yake kila kipande cha mpira wa Mini hukanyaga lami mara nyingi zaidi kwa asilimia 30, kikipata joto na kulika upesi.

Tuchukue Mini yenye kilo 700 pamoja na dereva wake. Injini iko mbele, kwa hiyo kama asilimia 60 ya uzito hulalia magurudumu ya mbele, sawa na kilo 210 kwa kila tairi. Likijazwa upepo wa paundi 28, eneo la tairi linalogusa lami halizidi sana mraba wa sentimita 10 kwa 10. Breki na kona zote hutegemea miraba minne ya namna hiyo.

Hapo ndipo wengi hukosea kuhusu upana. Tairi la milimita 165 halina eneo kubwa kuliko la milimita 145 ikiwa uzito na upepo ni vilevile, kwa sababu eneo hilo hutokana hasa na uzito uliogawanywa kwa upepo. Kinachobadilika ni umbo. Tairi pana hukanyaga kwa umbo fupi lililotanuka kando, ambalo huitikia usukani haraka na kushika vizuri kwenye kona kavu. Tairi jembamba hukanyaga kwa umbo refu, na hilo lina faida yake mvua inaponyesha: huyapasua maji kama ngalawa, na sehemu ya mbele ikishayasukuma kando, sehemu ya nyuma hukuta lami.

Katika miaka ya 1960 wataalamu wa NASA, wakichunguza ndege zinazoteleza kwenye njia zilizojaa maji, walipata kanuni rahisi: mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji hupanda kwa kipeuo cha pili cha upepo wake. Kwa upepo wa paundi 28, kanuni hiyo hutoa kama kilomita 88 kwa saa, pale maji yanapokuwa na kina kuliko mifereji ya tairi kuweza kuyaondoa. Tairi kipara hufikia hali hiyo hata kwenye maji machache.

Lakini mpira wenyewe hushikaje? Mwaka 1963 mtafiti Karl Grosch alichapisha vipimo vya msuguano wa mpira katika kasi na joto mbalimbali, akaonyesha kwamba kazi hufanywa na mambo mawili. La kwanza ni molekuli za mpira kunata kwa muda mfupi mno kwenye uso wa lami. La pili ni mpira kuzama katikati ya vijiwe na kuchelewa kurudi katika umbo lake, ukipoteza nishati njiani. Maji hudhoofisha ule mnato wa kwanza. Kwenye lami iliyolowa, dereva hutegemea zaidi huko kuchelewa kwa mpira kurudi.

Kwa miaka mingi jambo hilo lilikuwa fumbo kwa watengenezaji. Mpira unaochelewa kurudi hushika vizuri, lakini hula mafuta, kwa kuwa tairi hujikunja katika kila mzunguko. Suluhisho lilikuja na silika, ambayo Michelin ilianza kuiuza ndani ya matairi ya magari madogo mwaka 1992 ikichukua nafasi ya sehemu kubwa ya masizi meusi. Katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, tairi la Mini hujikunja kama mara 11 kwa sekunde. Vijiwe vya lami huutikisa mpira huohuo maelfu ya mara kwa sekunde, na zaidi. Mchanganyiko wenye silika unaweza kurudi upesi katika mtikisiko wa kwanza na kuchelewa katika wa pili. Kwa hiyo tairi lenye sura ya mwaka 1960 linaweza kubeba kemia ya karne hii, na mchoro wake wa nje hautakuambia.

Tofauti ya mshiko ina bei inayopimika. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa likiwa na msuguano wa 0.9 husimama kwa mita 28 tangu breki zishike. Msuguano ukiwa 0.7, huhitaji mita 36. Mita hizo nane ni zaidi ya Mini mbili zilizopangwa mkia kwa pua. Tena, mahali ambapo gari la kwanza limeshasimama, la pili bado linakwenda kilomita 38 kwa saa.

Njia moja ya kulinganisha bila maabara ni duara. Kwenye uwanja mpana uliofungwa, huchorwa duara lenye nusu kipenyo cha mita 20, gari likazungushwa na kuongezwa mwendo polepole hadi lianze kutoka nje ya mstari. Likikomea kilomita 45 kwa saa, mshiko wake wa kona ni karibu 0.80 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Likifika 47, ni 0.87. Kilomita mbili tu za mwendo zinabeba karibu asilimia tisa ya mshiko, ndiyo maana majaribio hayo hupimwa kwa saa ya kusimamisha, bila kutegemea mshale wa kwenye dashibodi.

Linabaki swali la thamani. Hesabu ya kawaida hugawa bei kwa kilomita ambazo tairi litadumu, na tairi gumu hushinda. Gari la zamani linaloendeshwa Jumapili huipindua hesabu hiyo. Tuseme linatembea kilomita 2,000 kwa mwaka na tairi lake linaweza kwenda kilomita 40,000. Litahitaji miaka 20 kulika, wakati Michelin hushauri tairi libadilishwe likitimiza miaka 10 hata kama linaonekana zima. Nusu ya uhai ulionunuliwa hutupwa. Mwenye gari kama hilo hapotezi kitu akichagua mpira laini unaodumu kilomita 20,000, kama mshiko wake ni bora. Matairi ya nusu mashindano, mfano Yokohama A032R ambayo hupatikana kwa rimu za inchi 10, yana ulaini huo, ila hushika vizuri zaidi yakishapata joto, na gari jepesi katika asubuhi ya baridi na mvua huchelewa kuyapasha.

Afrika Mashariki mizani huweza kugeuka. Volkswagen Beetle, iliyotwaa ushindi wa Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, bado huonekana Nairobi na Dar es Salaam, na nyingine ni za kwendea kazini kila siku. Gari la kilomita 15,000 kwa mwaka humaliza tairi kabla halijazeeka, na kwenye barabara za changarawe ubavu imara una thamani kuliko mpira laini. Hapo kugawa bei kwa kilomita kuna maana. Isipokuwa kwa tairi lililokaa muda mrefu dukani: joto huharakisha mpira kuungana na oksijeni na kuwa mgumu, na stoo ya mabati Mombasa hulizeesha upesi kuliko ghala la Manchester.

Umri huo unasomeka. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tarakimu tatu tu humaanisha tairi lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Mara nyingi msimbo kamili huchapwa ubavu mmoja pekee, na fundi akiwa ameugeuzia ndani, mnunuzi atalazimika kuinama chini ya gari na tochi kabla ya kulipa.